Chupa Iliyolala Kabatini: Divai Nyekundu Ingojee Miaka Mingapi?



Katika mkutano wa mwezi uliopita, kabla hatujaanza kuhesabu makuta ya likelemba, mwenzetu mmoja alifungua kikapu chake akatoa kitu kilichofungwa ndani ya kitenge cha zamani. Akakiweka mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Tulipokifungua tukakuta chupa ya divai nyekundu. Etiketi yake imeliwa na unyevu upande mmoja, lakini bado tuliweza kusoma neno Bordeaux na mwaka wa 2000.

Chupa ile ina historia. Binti wa mama huyu alizaliwa mwaka wa 2003. Siku ya ubatizo, baba wa ubatizo, ambaye alikuwa ametoka Ubelgiji, aliileta akasema: "Muiweke. Tutaifungua siku atakapoolewa." Basi wakaiweka. Vita vilipoingia Bukavu mwaka wa 2004, iliviringishwa ndani ya blanketi na kufichwa nyuma ya magunia ya makala. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, ile siku ya Mungu ambayo hakuna mtu wa hapa anayeisahau, lilivunja sahani zote za kabati, chupa ikabaki. Familia imehama nyumba mara tatu, na kila mara mama aliibeba mwenyewe mikononi, hakukubali iingie ndani ya gari pamoja na sufuria. Sasa yule mtoto wa ubatizo ameposwa. Mahari imetolewa, harusi iko karibu, wakwe watakuja na wazee wao. Mama anauliza: tuifungue mbele yao?

Kabla hatujamjibu, mama mwingine akainua mkono atuambie ya kwao. Mume wake alipewa chupa na mkubwa wake wa kazi, wakaiweka miaka kumi na miwili juu ya frigo, wakingojea siku kubwa. Siku kubwa ikafika. Wakwe wamekaa, mjomba amesimama kutoa neno, divai imemiminwa. Baba mkwe akaonja, akaweka glasi chini, hakusema kitu. "Ilikuwa siki," mwenzetu akasema. "Siki kabisa, ya kutia katika saladi. Mpaka leo mawifi zangu wananikumbusha."

Tulicheka, lakini cheko halikudumu. Wengi wetu tulianza kufikiri juu ya chupa iliyo nyumbani kwetu: ile ya ndoa, ile aliyoleta shemeji kutoka safari, ile ambayo baba amekataza watoto wasiiguse. Hata wenzetu ambao kwa imani yao hawagusi pombe wanapewa chupa kama hizo na hawajui wazifanyie nini. Kwa hiyo tuliamua kuichunguza habari hii vizuri. Kwa bahati, mmoja wetu alifanya kazi miaka mingi katika mgahawa huko Liège, na kazi yake ilikuwa kuhudumia divai mezani. Yeye ndiye aliyetufundisha mengi ya hapa, na mengine tumesoma.

Si kila divai inangojea

Jambo la kwanza lilitushangaza. Sehemu kubwa ya divai nyekundu inayouzwa duniani imetengenezwa ili inywewe upesi, ndani ya miaka michache tu baada ya mavuno ya zabibu. Ukiiweka, haipandi. Inakaa kidogo palepale ilipo, kisha inaanza kushuka.

Sisi tulikuwa na wazo lingine. Tulidhani divai ni kama shamba: kadiri unavyoliacha, bei inapanda. Wazo hilo linatoka katika sinema, ambako tajiri anashuka chini ya nyumba na kurudi na chupa yenye vumbi. Lakini hatukuhitaji kwenda mbali ili kujua kwamba kinywaji kina siku zake. Nani kati yetu hajui kasiksi? Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa kwa majani, unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika. Baada ya siku mbili tatu iko tayari. Zikipita siku chache tena, imechacha. Hakuna mama wa Kabare au wa Walungu anayeficha kasiksi ya ubatizo kwa ajili ya harusi. Divai ina nguvu ya kukaa kuliko kasiksi, hilo ni kweli, lakini nayo ina siku zake, na siku za chupa moja si siku za chupa nyingine.

Huko Ufaransa kuna divai inayoitwa Beaujolais Nouveau. Zabibu zake zinavunwa karibu mwezi wa tisa, na divai inaanza kuuzwa Alhamisi ya tatu ya mwezi wa kumi na moja wa mwaka uleule. Watu wanaingoja kwa furaha, wanainywa palepale, na ikifika Pasaka ni kidogo inayobaki. Mtu akikupa chupa ya namna hiyo na kukuambia uiweke mpaka mtoto aolewe, amekutakia mema, lakini hakujua alichokuwa ameshika mkononi.

Kwa nini basi nyingine zinaweza kungojea miaka kumi, ishirini, hata zaidi? Mwenzetu wa Liège alitufundisha kwa chai. Alichemsha majani mengi ya chai, akayaacha yakae muda mrefu, akatunywesha bila sukari. Ulimi ukakauka, mashavu yakavutwa ndani, kama mtu aliyeuma ndizi mbichi. "Hiyo mnayoisikia mdomoni," akasema, "inaitwa tanini. Divai nyekundu inaipata katika maganda na mbegu za zabibu, na kidogo katika mbao za pipa."

Divai yenye tanini nyingi, ikiwa changa, ni kali. Inafunga mdomo kama chai ile. Lakini ikilala ndani ya chupa mahali pazuri, ile tanini inashikana polepole na rangi ya divai, inakuwa nzito, na nyingine inashuka chini. Ndiyo sababu chupa ya zamani ina mashapo meusi kwenye kitako; si uchafu wa mtu kuweka takataka. Na ndiyo sababu rangi nayo inabadilika. Divai changa ni nyekundu ya kuelekea zambarau, kama maji ya lengalenga nyekundu. Ikizeeka inakuwa ya rangi ya tofali, kisha kahawia. Harufu ya matunda mabichi inapungua, na mahali pake panaingia harufu ya majani makavu, ya ngozi, ya uyoga. Kuna watu wanaopenda sana harufu hizo. Kuna wengine, na tuseme kweli wako wengi katika kikundi chetu, ambao wangependa zaidi matunda.

Mama mmoja aliuliza swali zuri: kwa hiyo divai inazidi kuwa tamu? Hapana, sukari haiongezeki. Inabadilika tu. Kama tangu mwanzo ilikuwa na tanini ya kutosha, na ukali wa matunda wa kutosha, na ladha nyingi, mabadiliko hayo yanaifaa. Kama ilikuwa nyepesi tangu mwanzo, ladha yake inaondoka na hakuna kinachoingia mahali pake. Unabaki na maji mekundu yenye pombe.

Jina kubwa haliambii kila kitu

Hapa wengi wanapotea, hasa kwa neno Bordeaux. Bordeaux ni mji na nchi yote inayouzunguka, kusini-magharibi ya Ufaransa, na divai za huko haziko sawa hata kidogo. Mwaka wa 1855, kwa maonyesho makubwa ya Paris, Napoleon wa Tatu aliomba divai bora za Bordeaux zipangwe kwa daraja. Zikapangwa katika madaraja matano. Daraja la kwanza lilipata nyumba nne tu: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Nyumba ya tano, Mouton, ilipandishwa mwaka wa 1973. Divai za nyumba hizo, katika mwaka mzuri, zinaweza kukaa miaka ishirini, thelathini, nyingine hamsini, na bei yake inaweza kulipa masomo ya mtoto mwaka mzima.

Lakini kuna maelfu ya watengenezaji wengine wa Bordeaux, na divai yao ya kawaida, ile inayofika katika maduka na madepo yetu, ni ya kunywa ndani ya miaka mitatu mpaka mitano, labda saba ikiwa imetengenezwa vizuri. Jina la juu ya etiketi ni lilelile. Ni kama kusema "kitenge": kuna cha kwenda sokoni, na kuna kile unachokitoa kwenye sanduku mara mbili tu kwa mwaka.

Nchi nyingine zimejaribu kumsaidia mnunuzi. Kule Uhispania, katika eneo la Rioja, neno Reserva linaonyesha kwamba mtengenezaji ameiweka divai yake kwa uchache miaka mitatu kabla ya kuiuza, na Gran Reserva miaka mitano. Barolo ya Italia haiwezi kuuzwa kabla ya miezi 38. Maana yake ni kwamba kazi ya kungojea, au sehemu yake kubwa, imekwisha kufanywa na mwenye divai katika ghala yake baridi. Sisi tulipenda sana jambo hilo. Mtu mwingine amengojea kwa niaba yako, mahali panapofaa kuliko chini ya kitanda chako.

Divai za Afrika Kusini tunaziona sana siku hizi. Nyingi ya zile za bei ya kawaida ziko tayari siku unayozinunua. Vilevile divai za kartoni: hizo usiziweke kabisa. Karatasi na plastiki haviizuii hewa kama chupa inavyoizuia. Angalia tarehe iliyoandikwa, nunua kwa ajili ya sherehe ya mwezi huu, maliza.

Na kwa sababu tumetaja tarehe: mwaka ulioandikwa kwenye chupa ya divai ni mwaka wa kuvuna zabibu. Si mwaka wa kuharibika. Mama mmoja alitupa chupa mbili nzuri sababu aliona mwaka uliopita na kudhani ni kama dawa iliyopitwa na siku. Kama chupa haina mwaka wowote, kwa kawaida ni divai iliyochanganywa kutoka mavuno mbalimbali. Inywewe bila kungojea.

Nyumba yako ni ya joto gani?

Tukubali sasa kwamba umepewa divai ya nguvu, ya kungojea kweli. Bado kuna swali ambalo watu wa Ulaya hawajiulizi sana, na ambalo kwetu ndilo linaloamua: italala wapi?

Divai inapenda baridi ya digrii 12 mpaka 15, mchana na usiku, mwaka mzima. Inapenda giza. Inapenda kulala, ili kizibo cha mti kibaki na unyevu. Chupa ikisimama miaka, kizibo kinakauka, kinasinyaa, hewa inaingia. Na hewa ndiyo mlango wa siki. Mfaransa Louis Pasteur, ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni kwa habari ya maziwa, aliichunguza divai pia, na mwaka wa 1866 alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa yake. Kuna vijidudu vinavyotumia hewa na kugeuza pombe kuwa siki. Hewa kidogo sana, inayopita kizibo kwa miaka, inasaidia divai kukomaa. Ikizidi, inaiua.

Joto nalo linaharakisha mambo yote ndani ya chupa. Divai ya miaka kumi katika joto si divai ya miaka kumi tena. Imezeeka kuliko umri wake, na vibaya, kama tunda lililoivishwa kwa moto. Sisi wa Bukavu tuna neema kidogo, sababu mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari na usiku kuna ubaridi. Chumba cha upande usiopigwa jua, sakafu ya simenti, chini ya kabati: hapo divai inaweza kukaa miaka michache bila shida. Lakini wenzetu wa Uvira na Kalemie, kando ya Tanganyika, ziwa ambalo liko karibu mita 770 tu, wanajua wenyewe jinsi paa la mabati linavyowaka saa nane za mchana. Kwao tunasema bila kuzunguka: msiweke divai. Mwaka mmoja ni mwingi.

Mahali pabaya kuliko pote, mwenzetu wa Liège akasema huku akimwangalia mama wa siki, ni juu ya frigo. Mashine inatoa joto, inatetemeka mchana na usiku, na taa ya jikoni inaiangaza. Mama wa siki akashika kichwa. Miaka kumi na miwili! Jikoni karibu na mbabula si pazuri zaidi, wala kabati la vioo katika chumba cha wageni, ambako tunapenda kuipanga ionekane pamoja na glasi za harusi.

Namna ya kuamua

Kwa hiyo, mama ukipewa chupa leo, usingoje kuamua. Amua siku hiyohiyo, wakati aliyekupa bado yuko mbele yako. Muulize bila haya: "Hii ni ya kunywa sasa ao ya kuweka?" Kama hajui, ichukue kuwa ya kunywa sasa. Kukosea upande huo hakuna hasara kubwa: divai changa iliyokuwa na uwezo wa kungojea bado inanyweka vizuri, hasa pamoja na nyama ya ng'ombe au ya mbuzi, sababu mafuta na chumvi vinatuliza tanini. Kukosea upande mwingine kunakupeleka mbele ya baba mkwe na glasi ya siki.

Kuna jaribio moja tulilolipenda, sababu halihitaji elimu. Kama mna chupa mbili au tatu za namna moja, fungua moja. Kunywa nusu pamoja na chakula. Nusu ifunge kwa kizibo chake, uiache mpaka kesho jioni, kisha onja tena. Kama kesho ni nzuri kama jana au imezidi kuwa laini, divai hiyo ina nguvu, na wenzake wanaweza kungojea. Kama kesho imelegea na haina harufu, basi zile zilizobaki zimalizwe mwaka huu. Watu wenye divai nyingi wanafanya vilevile kwa namna yao: wananunua kartoni ya chupa sita, wanafungua moja kila mwaka au kila miaka miwili, na wakiona imefika pale wanapoipenda, wanazinywa zote. Wenye chupa moja hawana nafasi hiyo. Ndiyo maana chupa moja peke yake ni ngumu kuamua kuliko kumi.

Na ile iliyokwisha kukaa? Ishike mbele ya mwanga. Angalia divai imefika wapi shingoni. Ikiwa imeshuka mpaka kwenye mabega ya chupa, hewa imeingia. Angalia kizibo kama kimesukumwa juu au kama kuna alama ya divai iliyovuja. Ni dalili ya joto. Angalia rangi: ikiwa kahawia kama chai, siku zake zimepita. Ukiona dalili hizo usiitoe mbele ya wageni. Ifungue nyumbani, siku ya kawaida.

Divai iliyogeuka si sumu, tusiogopane. Haitamuua mtu. Ile iliyochacha inaweza kulainisha nyama usiku mmoja kabla ya kuipika, pamoja na kitunguu saumu na pilipili. Chupa ikishafunguliwa, divai nzuri inakaa siku mbili tatu ikiwa imefungwa na kuwekwa katika frigo. Baada ya hapo ni ya jikoni. Na mama mwenye mimba asinywe, hata kidogo, hata kama ni divai ya mwaka wa 1855.

Ile chupa ya mwaka wa 2000

Tuliijadili kwa karibu saa nzima. Tuliitazama mbele ya dirisha: divai imeshuka kidogo, mpaka mwanzo wa mabega. Rangi ni ya tofali, ukingoni kahawia. Nyumba iliyoitengeneza haimo katika madaraja tuliyoyataja. Ni Bordeaux ya watu wa kawaida, ingawa mwaka wa 2000 unasifiwa kuwa mwaka mzuri sana kwa nchi ile. Mwenzetu wa Liège alisema siku zake nzuri huenda zilikuwa wakati binti akiwa katika shule ya msingi.

Hapo kikundi kikagawanyika. Wengine walisema ifunguliwe mbele ya wakwe kama ilivyosemwa, ladha si kitu, neno ndilo kitu. Mama wa siki akapinga kwa nguvu, na tunamwelewa. Mama mmoja mzee akashauri isifunguliwe kabisa, iwekwe juu ya meza ya harusi kama picha. Mwenye chupa alikuwa kimya. Kisha akasema jambo ambalo hatukulijua: baba wa ubatizo amekwisha kufariki, mwaka wa 2016. Neno lile ni lake la mwisho alilobaki nalo kwa mtoto yule.

Sisi tulifikiri hivi. Kuna kungojea kwa ajili ya ladha, na kwa kungojea huko chupa hii imechelewa. Kuna pia kungojea kwa ajili ya mtu, na huko hakuna aliyechelewa. Lakini wakwe hawakumjua mtu huyo, na kuwapa wao glasi ya kwanza ni kuwapa nafasi ya kuhukumu kitu wasichokijua. Tukamshauri aifungue nyumbani kabla ya harusi, na wale tu waliokuwapo siku ya ubatizo. Wakwe wanunuliwe divai changa, chupa nane za mwaka wa karibuni, juma lilelile la sherehe. Bei yake tuliipiga hesabu, na likelemba inaitosha.

Alikubali. Mwenzetu wa Liège akampa maagizo: isimame wima tangu jana yake ili mashapo yashuke, kizibo kivutwe taratibu sababu kitakuwa kimelegea, imiminwe polepole mpaka mashapo yanapokaribia shingo, kisha basi, na ikishafunguliwa inywewe palepale, sababu divai ya zamani ikipata hewa haikai hata jioni moja.

Juma hili ameturudishia habari. Waliifungua jioni ya Alhamisi: yeye, mume wake, binti, na mjane wa baba wa ubatizo, ambaye walimtuma mtoto kumwita bila kumwambia sababu. Kizibo kilikatika katikati, nusu ikatolewa kwa kisu. Haikuwa siki. Ilikuwa imechoka, mama akasema, nyepesi, na harufu kama ya majani makavu ya msitu baada ya mvua. Binti alikunja uso kidogo, akamaliza glasi yake. Baba aliongeza mara mbili. Walikaa mpaka saa nne za usiku wakiongea habari za mwaka wa 2003, na nani alibeba mtoto, na padri gani alisahau jina.

Mjane alipoondoka aliomba kile kizibo, vipande vyote viwili. Akavifunga ndani ya leso yake.